Bata mzinga wa mwituni Marekani, msimu wa 2020: tunapimaje shinikizo la uwindaji wakati wa korona?

Mpima_Porini

Habari zenu wakuu.

Nachambua takwimu za uwindaji wa bata mzinga wa mwituni kusini mashariki mwa Marekani, nikianzia Georgia. Nalinganisha msimu wa majira ya kuchipua wa 2020, korona ilipowafungia watu majumbani, na misimu ya 2017 hadi 2019. Nilichonacho ni hiki: madume walioripotiwa kuuawa siku kwa siku na kaunti kwa kaunti, idadi ya leseni zilizouzwa, na majibu ya dodoso wanalotumiwa wawindaji msimu ukishaisha.

Jumla ya 2020 iko juu. Je, naweza kusema kwa uhakika kwamba shinikizo la uwindaji liliongezeka kwa sababu ya janga, au huenda ndege walikuwa wengi tu mwaka ule? Na kama liliongezeka kweli, nitajuaje kama limewaumiza ndege wenyewe? Naomba njia ya kufanya, na mnionyeshe mahali ambapo watu hukosea.

---

Fundi_Takwimu

Mkuu, anza kwa kuiweka kando hiyo jumla. Idadi ya madume waliouawa hutokana na mambo matatu kwa pamoja: ndege waliopo, siku ambazo watu waliingia porini, na ustadi wa hao walioingia. Ukiitazama peke yake hutajua ni lipi limesogea. Shinikizo ni lile la pili, na linapimwa kwa siku za uwindaji. Mtu mmoja akiingia porini siku moja, hata akikaa saa mbili tu alfajiri, hiyo ni siku moja. Wawindaji kumi wakitoka siku sita kila mmoja, wamefanya siku 60.

Siku hizo zitafute kwenye dodoso. Leseni zitakupotosha pande zote mbili. Katika majimbo mengi ya kusini, mwenye ardhi anayewinda kwenye shamba lake hahitaji leseni ya kulipia, na wapo wenye leseni ya maisha ambao hawaonekani kwenye mauzo ya mwaka wowote. Hao wote wanawinda, ila kwenye daftari la mauzo hawapo. Kwa upande mwingine kuna watu wengi wanaonunua leseni ya jumla na hawamfuati bata mzinga kabisa. Kitaifa, mauzo ya leseni za uwindaji yalipanda kwa karibu asilimia 5 mwaka 2020 yakilinganishwa na 2019. Asilimia hiyo haisemi lolote kuhusu mtu aliyekuwa na leseni tangu zamani, ambaye safari hii ofisi na shule ya watoto vimefungwa, akapata kutoka siku kumi badala ya nne. Huyo ndiye wa kumtafuta.

Mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane. Mwaka wa kawaida wawindaji 1,000 wanatoka siku 5 kila mmoja: siku 5,000. Wanaua madume 400, yaani madume 8 kwa kila siku 100. Mwaka wa janga wako 1,120, wanatoka wastani wa siku 6.5: siku 7,280. Wanaua madume 480, yaani 6.6 kwa kila siku 100. Mawindo yamepanda kwa asilimia 20, juhudi imepanda kwa karibu asilimia 46, na mafanikio kwa siku yameshuka kwa karibu asilimia 18. Ukikuta sura ya namna hiyo kwenye data yako, hoja ya kwamba ndege walikuwa wengi inakosa miguu, kwa sababu ndege wakiongezeka na wawindaji wakabaki walewale, mafanikio kwa siku hupanda.

Ila usikimbilie kusema ndege wamepungua eti kwa kuwa mafanikio kwa siku yameshuka. Wageni wakiingia wengi, wastani wa ustadi unashuka na namba hiyo inashuka nayo, hata kama msituni hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo gawa majibu ya dodoso katika makundi mawili: waliowinda bata mzinga kabla ya 2020 na walioanza mwaka huo. Mafanikio ya wazoefu ndiyo ya kulinganisha na miaka ya nyuma.

Dodoso nalo lina mitego yake. Aliyepata ndege hujibu haraka kuliko aliyerudi mikono mitupu, hivyo ukitumia majibu ya awamu ya kwanza peke yake utapata mafanikio makubwa kuliko uhalisia. Linganisha waliojibu barua ya kwanza na waliojibu baada ya kukumbushwa. Tofauti ikiwa kubwa, usichapishe kabla ya kurekebisha uzito wa makundi hayo. Pia watu hukumbuka siku kwa namba za mviringo. Chora mchoro wa nguzo wa majibu yao: utaona nguzo ndefu kwenye 5, 10, 15 na 20. Kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo tabia hiyo inavyozidi, na 2020 ndio mwaka wenyewe wa siku nyingi. Ripoti pia namba ya katikati (median), usitegemee wastani pekee.

Kipimo cha pili hakihitaji dodoso. Kwa kila wiki ya msimu, tafuta ni sehemu gani ya madume waliuawa Jumatatu hadi Ijumaa. Siku hizo ni tano kati ya saba, yaani asilimia 71. Kama watu wangewinda sawasawa kila siku ungeona namba iliyo karibu na hiyo. Katika mwaka wa kawaida inakuwa chini zaidi, maana Jumamosi na Jumapili ndizo zinazobeba mzigo. Janga liliwaondolea watu ratiba ya kazi, kwa hiyo kama ndilo lililoongeza shinikizo, alama yake itaonekana katikati ya wiki. Kama mwaka 2020 ulipanda Jumamosi kwa kiasi kilekile ulichopanda Jumatano, tafuta sababu nyingine.

Na hapa ndipo Georgia inapowanasa wengi. Katika miaka yako minne msimu wao ulifunguliwa Jumamosi ya kwanza kuanzia Machi 20 na kufungwa Mei 15. Mwaka 2017 ulifunguliwa Machi 25, 2018 Machi 24, 2019 Machi 23, na 2020 Machi 21. Hesabu siku: 52, 53, 54, kisha 56. Msimu wa 2020 ulikuwa mrefu kuliko wa 2017 kwa siku nne kabla hujaitaja korona. Usipolirekebisha hilo, sehemu ya ongezeko lako ni kalenda tu. Linganisha wiki ya kwanza ya msimu na wiki ya kwanza, na mkia uliobaki mwishoni uukate.

Pasaka iangalie pia: Aprili 16 mwaka 2017, Aprili 1 mwaka 2018, Aprili 21 mwaka 2019, Aprili 12 mwaka 2020. Likizo za shule huwa karibu na hapo, na watoto wakiwa nyumbani wazazi hutoka nao.

---

Mlezi_wa_Viota

Naongezea upande wa ndege, maana idadi ya waliouawa bila kujua wameuawa lini haitoshi.

Jike hutaga takriban yai moja kwa siku mpaka yafike 10 hadi 12 hivi, ndipo anaanza kuatamia, na anaatamia kwa siku 28 hivi. Kiota kiko chini kabisa, mara nyingi pembeni mwa gogo au kwenye nyasi zilizomfikia kifuani. Kusini mashariki majike wengi huanza kuatamia mwishoni mwa Aprili. Sasa rudi kwenye tarehe za Fundi: Georgia ilifungua Machi 21, mwezi mzima kabla. Amri ya jimbo zima ya kukaa nyumbani ilianza Aprili 3 ikaisha Aprili 30, na shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi. Kwa hiyo wakati wa watu kuwa huru katikati ya wiki uliangukia juu ya wakati wa majike kupandwa na kutaga. Hilo linanitia wasiwasi kuliko ile jumla.

Madume hupangana kwa ubabe mapema, na wachache kati yao ndio hupanda majike wengi. Hofu ya wanabiolojia ni kwamba ukiwaondoa hao wiki za kwanza, mpangilio unavurugika na majike wanaweza kuchelewa kutaga. Usiandike kwamba mayai hayatarutubishwa. Jike wa bata mzinga huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa wiki kadhaa, hivyo akishapandwa mara moja anaweza kutaga mayai yenye rutuba hata kama dume yule ameshauawa.

Kwa hiyo usihesabu tu madume wangapi waliuawa. Hesabu ni sehemu gani ya mawindo ya msimu ilichukuliwa kabla ya tarehe ambayo nusu ya majike wameanza kuatamia. Kama mwaka 2019 sehemu hiyo ilikuwa ndogo na mwaka 2020 ikawa kubwa, una jambo la kusema hata kama jumla zinalingana.

Jambo la pili linagusa hesabu ya mafanikio kwa siku. Utafiti wa kutumia vinasa sauti vinavyoachwa msituni huko South Carolina, ikiwemo eneo la Savannah River Site ambalo lilitumika kulinganisha kwa kuwa halikuwindwa, umeonyesha kwamba madume hulia kidogo zaidi pale wanapowindwa. Dume asiyelia hapatikani kirahisi, maana mwindaji wa majira ya kuchipua anategemea kumsikia alfajiri akiwa bado juu ya mti. Siku nyingi za uwindaji zikiwanyamazisha, mafanikio kwa siku yatashuka wiki ya nne na ya tano huku ndege bado wako palepale.

Vifaranga nao wana kipimo chao, na watu wanakikosea sana. Mwezi wa Julai na Agosti majimbo huhesabu majike na vifaranga wanaoonwa barabarani na mashambani. Kipimo ni vifaranga wote ugawe kwa majike WOTE, pamoja na wale wasio na kifaranga hata mmoja. Tuseme mmeona majike 40, kati yao 16 wana vifaranga, na vifaranga jumla ni 64. Jibu ni 64 kwa 40, yaani 1.6. Ukigawa kwa wale 16 tu unapata 4 na utaandika kwamba mwaka ulikuwa mzuri. Chini ya takriban vifaranga 2 kwa jike, kundi kwa kawaida halikui.

Kuhusu swali lako la kwamba huenda ndege walikuwa wengi: dume wa miaka miwili ndiye anayelia sana na ndiye anayeuawa sana. Dume wa miaka miwili wa 2020 alianguliwa 2018. Tazama vifaranga kwa jike vya 2018, kisha tazama sehemu ya madume wa mwaka mmoja katika mawindo ya 2019. Vyote viwili vikiwa juu, ulipaswa kutegemea mawindo makubwa 2020 hata bila janga.

---

Mpima_Porini

Nawashukuru sana. Suala la siku 52 na 56 sikuliona kabisa.

Nina safu ya umri kwenye data, imeandikwa "mkubwa" au "mchanga", lakini mwindaji ndiye anayejaza mwenyewe kwenye simu. Naweza kuiamini? Na pia naulizia majirani: katika ramani ya kaunti naona za mpakani zina sura tofauti na za katikati.

---

Mkia_na_Bawa

Kwa umri: iamini kiasi, ukijua makosa yanaelekea upande gani.

Dume wa mwaka mmoja akitandaza mkia, manyoya ya katikati yanachomoza juu ya yale ya pembeni, kwa hiyo ukingo wa juu una nundu. Dume mkubwa ana ukingo ulionyooka kama upinde mmoja. Hiyo ndiyo alama rahisi na watu wengi wanaipatia. Nyuzi za kifuani zinadanganya kwa kuwa hukatika, kwa barafu au kwa kukanyagwa wakati ndege anakula. Kikwaru cha mguuni ni kizuri zaidi: chini ya nusu inchi (sentimita 1.3 hivi) na kina ncha butu, huyo ni mchanga, kuanzia hapo hadi karibu inchi moja, kwa kawaida ni wa miaka miwili, kikizidi inchi moja na robo na kimepinda kwa ncha kali, ana miaka minne au zaidi. Huko katikati umri unapishana, na udongo wa mawe unakisaga kikwaru.

Ukitaka uhakika omba sampuli ya mabawa. Mtu akate bawa moja, alitandaze, aangalie manyoya mawili ya nje kabisa. Kwa ndege mchanga bado ni yale ya utotoni: ncha imechongoka, na michirizi myeupe inaishia kabla ya kufika nchani. Kwa mkubwa ncha ni ya mviringo na michirizi inafika mwisho. Bahasha 200 zikirudi kutoka kaunti mbalimbali utajua kiwango cha makosa ya ile safu, na utaitumia kurekebisha iliyobaki.

Makosa mengi ni mchanga kuandikwa mkubwa, hasa pale ambapo sheria inakataza kumuua mchanga au inampa kikomo chake (idadi ya juu ambayo mwindaji anaruhusiwa kuua). Kwa hiyo ukiona madume wachanga wamepungua katika data, kagua sheria kabla ya kukagua msitu.

---

Mipaka_na_Vibali

Kaunti za mpakani zina maelezo yake. Mwaka 2020 majimbo hayakufanya jambo moja, na wawindaji huhama kama maji.

Nebraska ilisitisha kuuza vibali vya bata mzinga vya majira ya kuchipua kwa wasio wakazi mwishoni mwa Machi 2020. Kansas ikafuata mwezi wa Aprili. Montana ilitaka wanaoingia kutoka nje ya jimbo wajitenge siku 14. Washington ilichelewesha ufunguzi uliokuwa uwe katikati ya Aprili hadi Mei 5. Illinois ilifunga maeneo ya jimbo, hivyo aliyekuwa anategemea ardhi ya umma akalazimika kutafuta mwenye shamba wa kumruhusu. Wakati huohuo sehemu kubwa ya kusini iliendelea kuwa wazi, na uwindaji ukahesabiwa miongoni mwa mambo salama ya nje.

Ukifunga sehemu moja, siku za uwindaji hazipotei zote. Nyingine zinahamia karibu na nyumbani kwa mwindaji, nyingine zinavuka mpaka kwenda jimbo lililo wazi. Kwa sababu hiyo fanya hesabu tatu tofauti: ardhi ya umma, ardhi binafsi, na wasio wakazi peke yao. Jumla ya jimbo inaweza kutulia kabisa huku eneo moja la umma lenye ekari elfu chache likibeba magari mara mbili ya kawaida yake siku ya Jumatano. Maeneo mengi ya umma huwa na kitabu cha kujiandikisha langoni au kadi ya kurudisha. Hizo ndizo siku za uwindaji zilizoandikwa siku yenyewe, bila kutegemea kumbukumbu ya mtu. Ziombe.

Halafu angalia lini kila jimbo lilianza kulazimisha kuripoti. Georgia ni 2016, Mississippi ni 2019. Ukipanua kazi yako hadi Mississippi, ongezeko la 2019 kwenda 2020 linaweza kuwa ni watu kuzoea mfumo katika mwaka wake wa pili, na huna miaka ya nyuma ya kulinganishia.

---

Mzee_wa_Takwimu_za_Nyuma

Yote yaliyosemwa ni sawa, lakini naomba mwenzetu asiutwishe mwaka mmoja mzigo wa miaka kumi na tano.

Bata mzinga wa mwituni alikaribia kuisha mwanzoni mwa karne ya 20. Alirudishwa kwa kazi ngumu ya kukamata ndege wa mwituni kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga midogo na kuwahamishia kwenye misitu iliyokuwa mitupu, kazi iliyoshika kasi kuanzia miaka ya 1950. Mapema miaka ya 2000 walifika karibu milioni 7 nchi nzima, kisha sehemu nyingi za kusini mashariki vifaranga kwa jike vikaanza kushuka. Kushuka huko kulikuwepo kabla ya korona. Ukichora mstari kutoka 2019 hadi 2021 tu, utaukuta unashuka na utasema janga ndilo lililofanya. Urudishe nyuma hadi 2005 uone ulikuwa unakwenda wapi.

Kuhusu kuchelewesha msimu, upo utafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee katika kaunti za kusini mwa jimbo hilo. Kaunti za Giles, Lawrence na Wayne zilicheleweshewa ufunguzi kwa wiki mbili kuanzia 2021, zikalinganishwa na jirani zake, majike wakifuatiliwa kwa vifaa vya kutambua mahali walipo. Haikuonekana kwamba ucheleweshaji uliongeza mafanikio ya viota au vifaranga. Hilo haliiui hoja ya Mlezi wa Viota, maana miaka miwili ni michache na mahali ni pamoja. Ila linakataza kuandika kwa uhakika kwamba ufunguzi wa mapema ndio uliopunguza vifaranga.

Pamoja na hayo majimbo yalichukua hatua. Tennessee ilipunguza kikomo cha msimu kutoka madume wanne hadi watatu mwaka 2021, kisha wawili mwaka 2023 pamoja na kusogeza ufunguzi wiki mbili mbele. Alabama mwaka 2022 ilitoka watano hadi wanne, ikasogeza ufunguzi hadi Machi 25 na kukataza ndege bandia katika siku kumi za kwanza. Georgia mwaka huohuo wa 2022 ilitoka watatu hadi wawili, ikaweka mmoja kwa siku, na ardhi ya umma ikafunguliwa wiki moja baada ya ardhi binafsi. Hii ina maana kubwa kwako: data ya 2022 na kuendelea haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ya 2020. Kaunti ikionekana kushuka 2022, kwanza ni sheria.

Kikomo chenyewe kisikupe matumaini mengi. Wengi wa waliofanikiwa huua mmoja tu kwa msimu. Kukishusha kutoka watatu hadi wawili kunawagusa wachache wanaofika wa tatu, na mara nyingi tarehe ya ufunguzi na idadi ya watu kwenye ardhi ya umma huwa na uzito zaidi.

---

Risasi_na_Umbali

Kuna ndege ambao hawamo kwenye data yenu hata mmoja: waliopigwa wakaondoka.

Mawindo yaliyoripotiwa siyo vifo vyote. Dume aliyejeruhiwa huruka au hukimbia kwenye vichaka, anafia huko, na hakuna anayempigia ripoti. Mwaka wenye wageni wengi una sababu ya kuwa na wengi wa namna hiyo, kwa kuwa mgeni anakosea umbali. Bunduki ya marisawa inapaswa kujaribiwa kwenye karatasi kabla ya msimu: yadi 40, yaani mita 37 hivi, na kwenye duara la inchi 10 (sentimita 25) kuwe na matundu yasiyopungua 100. Yakipungua, sogea karibu mpaka yafike, na huo ndio umbali wa mwisho wa bunduki hiyo kwa risasi hiyo. Marisawa ya tungsteni nzito, yenye uzito wa gramu 18 kwa sentimita moja ya ujazo ambapo madini ya risasi ni 11.3, yanafika mbali zaidi, na ndiyo yanayomshawishi mtu ajaribu yadi 60 ambako hajawahi hata kuweka karatasi.

Kwenye dodoso weka maswali mawili: ulimfyatulia dume mara ngapi, na ulimwokota mara ngapi. Tofauti yake igawe, wangapi walikosewa kabisa na wangapi mwindaji anaamini walipigwa. Makadirio hayo ni ya chini, kwa kuwa si kila mtu anakiri, lakini ni bora kuliko kuweka sifuri. Uyatenganishe kwa wazoefu na wageni kama Fundi alivyosema.

Na msongamano ni hatari kwa watu pia. Mwindaji amevaa nguo za kujificha na anatoa mlio wa jike. Mwingine asiyemwona ananyemelea mlio huo. Katika eneo lenye magari mengi langoni, mtu akae na mgongo kwenye mti mpana kuliko mabega yake, asivae nyekundu, nyeupe wala buluu ambazo ni rangi za kichwa cha dume, na akiona mtu mwingine aseme kwa sauti ya kawaida badala ya kupunga mkono. Kutambaa ukiwa umejificha nyuma ya mkia wa bata mzinga kwenye ardhi ya umma ni kujiweka mbele ya mtutu.

---

Mpima_Porini

Nimeelewa. Nitagawa: ardhi ya umma na binafsi, wazoefu na wageni, katikati ya wiki na wikendi, na nitaweka tarehe ya kuatamia kama mpaka. Swali la mwisho: niishie wapi kwa upande wa miaka? Naogopa 2022 kwa sababu ya sheria mpya.

---

Fundi_Takwimu

Ingiza 2021 lazima. Georgia bado ilikuwa na kikomo kilekile cha madume watatu na kanuni ileile ya ufunguzi. Machi 20 mwaka huo iliangukia Jumamosi yenyewe, kwa hiyo ukifunga Mei 15 una siku 57. Kumbuka kulinganisha wiki na wiki. Wengi walikuwa wamesharudi kazini. Kama sehemu ya mawindo ya Jumatatu hadi Ijumaa ilipanda 2020 na ikashuka tena 2021 karibu na ilivyokuwa 2019, una ushahidi mzuri kwamba muda wa watu ndio uliosukuma shinikizo. Kama imebaki juu, basi ama watu wamebaki wakifanya kazi nyumbani, ama wale wageni wa 2020 wamekuwa wawindaji wa kudumu, na dodoso la 2021 litakutenganishia hayo kwa swali moja: ulianza mwaka gani?

---

Mlezi_wa_Viota

Kwa upande wa ndege mwaka 2021 una thamani nyingine. Vifaranga walioanguliwa 2020 ndio madume wachanga wa 2021. Weka pamoja vifaranga kwa jike vya Julai na Agosti 2020 na sehemu ya madume wachanga katika mawindo ya 2021, kaunti kwa kaunti, ukirekebisha umri kwa sampuli ya mabawa. Kisha panga kaunti kwa kiasi ambacho siku za uwindaji ziliongezeka kabla ya majike kuatamia. Kaunti zilizobanwa zaidi zikiwa ndizo zilizotoa wachanga wachache, endelea kuchimba. Zikiwa zimetawanyika ovyo, angalia mvua ya Mei na Juni 2020 kwanza, kwa sababu kifaranga ambaye hajafikisha wiki mbili bado hawezi kuruka kwenda kulala mtini, na usiku mmoja wa mvua baridi unaweza kumaliza kundi zima chini ya bawa la mama yao.